Radi inaongea kwenye stesheni zote: historia ya Fourier mpaka Ziwa Mweru

Leo katika maandishi yetu ya historia tunaingia kwenye hesabu. Tafadhali msikimbie. Hesabu hii inahusu redio na inahusu radi, na mvua za Novemba zikianza sisi wote tunaishi chini ya radi.

Tuanze na jambo la huzuni. Tarehe 2 Novemba 2024, kwenye makazi ya wakimbizi ya Palabek, wilaya ya Lamwo kaskazini mwa Uganda, watu walikuwa wamekusanyika kwa maombi. Radi ikapiga. Watu 14 wakafa na 34 wakaumia. Wengi wao walikuwa vijana kama sisi na wakimbizi kama sisi. Nyuma ya hapo, Juni 2011, huko huko Uganda, radi ilipiga shule ya msingi ya Runyanya wilayani Kiryandongo, ikaua wanafunzi 18 na mwalimu wao.

Na sisi tuliotoka Kongo tunaijua radi tangu utoto. Mwaka 2016 watafiti waliotumia vipimo vya satelaiti vya miaka 16 walitoa orodha ya sehemu zenye radi nyingi kuliko zote duniani. Ya kwanza ni Ziwa Maracaibo kule Venezuela, karibu mimweko 233 kwa kila kilometa ya mraba kwa mwaka. Ya pili ni Kabare, Kivu Kusini, karibu 205. Ya tatu ni Kampene, Maniema, karibu 177. Yaani katika tatu za kwanza za dunia nzima, mbili ziko kwetu. Wenyeji wetu wanaoongea Kibemba hapa Nchelenge wanaiita inkuba, na wao pia hawaifanyii mchezo.

Sasa swali la leo. Mtu yeyote mwenye redio ya zamani, ile yenye mawimbi ya kati na mawimbi mafupi, anajua kwamba kabla mvua haijafika redio inaanza kukwaruza: kra! kra-kra! Ukihamisha mshale uende stesheni ingine, kra! inakufuata. Ukienda mahali ambapo hakuna stesheni hata moja, kra! iko pale pia. Kila stesheni ina mahali pake kwenye redio, Lusaka pake, Lubumbashi pake. Juu ya nini radi peke yake inakuwa kila mahali kwa mara moja?

Jibu lilianza zaidi ya miaka 200 iliyopita, kwa mtu ambaye hakuwahi kuona redio.

MTOTO WA FUNDI CHEREHANI

Joseph Fourier alizaliwa tarehe 21 Machi 1768 katika mji wa Auxerre, Ufaransa. Baba yake alikuwa fundi wa kushona nguo. Fourier hakuwa amefika hata miaka 11 mama alikufa, kisha baba naye akakufa. Akabaki yatima. Watawa wakamsomesha katika shule yao, na hesabu ikampenda. Alitaka kuwa askari wa mizinga, akakataliwa juu hakuzaliwa katika ukoo wa wakubwa. Mapinduzi yakaja, naye akaingia siasa, na mwaka 1794 akafungwa jela. Wakati ule waliofungwa wengi walitoka kwenda kukatwa kichwa. Alipona kwa sababu Robespierre aliangushwa.

Mwaka 1798 akaja Afrika. Tuseme ukweli, alikuja pamoja na jeshi la Napoleon lililoivamia Misri. Wanasayansi waliofuatana na jeshi walianzisha chuo chao Kairo, na Fourier akawa katibu wake. Alirudi Ufaransa mwaka 1801, Napoleon akampa kazi ya kutawala jimbo la Isère, mji mkuu wake Grenoble. Mchana alisimamia barabara na kukausha mabwawa. Muda uliobaki alishughulika na swali moja: joto linatembea vipi ndani ya kitu?

Alianza na pete ya chuma. Ukiichoma upande mmoja, joto linazunguka pete na kurudi lilipoanzia. Fourier akasema hali ya joto kwenye pete, hata kama imekaa ovyo namna gani, unaweza kuiandika kama jumla ya mawimbi safi: wimbi moja kubwa linalozunguka pete mara moja, lingine linalopanda na kushuka mara mbili, lingine mara tatu, na kuendelea. Wimbi safi tunamaanisha lile linalopanda na kushuka kwa ulaini uleule bila kubadilika. Kila wimbi linapoa kwa mwendo wake. Ukijua kila moja linapoa vipi, unajumlisha tena na umejua joto lote.

Tarehe 21 Desemba 1807 alipeleka kazi hii Paris. Wakubwa wa hesabu hawakuipenda. Lagrange, aliyekuwa mzee anayeheshimiwa kuliko wote, hakukubali kwamba umbo lenye kona na mapengo linaweza kutengenezwa na mawimbi laini. Fourier hakuacha. Mwaka 1811 akapeleka kazi ndefu zaidi kwenye mashindano, na mwaka 1812 akapewa zawadi, lakini waamuzi waliandika kwamba uthibitisho wake haujakaza vizuri. Wakampa zawadi na hawakuichapa. Kitabu chake kilitoka mwaka 1822. Na wakubwa hawakuwa wamekosea kabisa, uthibitisho kweli ulikuwa na matundu. Mjerumani Dirichlet ndiye aliyeanza kuyaziba mwaka 1829. Fourier alikufa tarehe 16 Mei 1830.

PETE NA NONDO

Kwa habari ya radi, sehemu iliyotuhusu zaidi ni ile aliyoiongeza mwaka 1811. Pete inajirudia: ukitembea juu yake unafika ulipoanzia. Lakini Fourier akajiuliza juu ya nondo ndefu isiyo na mwisho, imeguswa na moto mahali pamoja tu. Pale hakuna kinachojirudia. Kwa pete yanatosha mawimbi ya hesabu kamili: moja, mbili, tatu. Kwa nondo isiyo na mwisho yanahitajika mawimbi ya kila kipimo, hata moja na nusu, hata moja na robo, bila kuacha pengo katikati.

Hiyo ya nondo ndiyo leo wanafunzi wa umeme vyuoni wanaiita transfomu ya Fourier. (Siyo ile transfoma ya kwenye nguzo ya umeme, jina tu linafanana.) Badala ya urefu wa nondo weka wakati, unaotiririka bila kukatika. Badala ya joto weka sauti, ama mkondo wa umeme, ama wimbi la redio. Kitu kinachojirudia, kama mlio wa filimbi, ni pete. Kitu kinachotokea mara moja na kuisha, kama radi, ni nondo iliyoguswa na moto.

Inafanyika hivi. Unachukua wimbi safi moja, unaliweka pembeni ya kile unachopima. Kwa kila nukta ya wakati unazidisha kimo cha kimoja kwa kimo cha kingine, kisha unajumlisha yote tangu mwanzo mpaka mwisho. Kama vinapanda na kushuka pamoja, jumla inakua. Kama vinapishana, chanya na hasi vinauana na unabaki karibu na sifuri. Ukimaliza unachukua wimbi la haraka zaidi kidogo na unarudia. Mwishoni una orodha inayosema ndani ya sauti hii kuna kiasi gani cha kila masafa. Masafa ni idadi ya mitikisiko kwa sekunde.

Kama hesabu imekuchanganya, chukua gitaa. Katanga hatukosi mpiga gitaa. Imba noti moja ndefu karibu na nyuzi: uzi unaolingana na noti yako utatetemeka, mingine italala. Sasa acha kuimba na upige kofi moja kwenye mbao za gitaa, pa! Nyuzi zote zinalia. Noti ndefu iliuchagua uzi wake. Kofi halikuchagua.

Transfomu inaeleza sababu. Kofi limeisha kabla wimbi lolote halijapata muda wa kupishana nalo. Hakuna hasi ya kuua chanya, kwa hiyo kila masafa yanapata sehemu yake. Kanuni ni rahisi kukumbuka: kitu kikiwa kifupi kwa wakati, kinakuwa kipana kwa masafa. Gawa 1 kwa muda wake na utapata upana wake kwa makadirio. Noti ya sekunde moja ina upana wa mtikisiko 1 hivi. Mlio wa sehemu moja ya elfu ya sekunde unaenea kwenye masafa 1,000. Kitu cha sehemu moja ya milioni ya sekunde kinaenea mpaka milioni, na hapo tayari uko katikati ya mawimbi ya kati ya redio, yanayoanzia karibu kilohezi 530 mpaka 1,600.

Pigo la radi linapanda ndani ya sehemu chache za milioni ya sekunde. Ndiyo maana halina stesheni yake. Radi ni kofi kwenye gitaa la anga, na redio yako ni uzi mmoja wa gitaa hilo. Uuelekeze popote, utalia.

REDIO YA MWANZO ILIKUWA YA KUSIKILIZA RADI

Hii wengi hawaijui. Heinrich Hertz alionyesha mawimbi ya redio Ujerumani mwaka 1887 na 1888, kwa kutumia cheche. Kisha tarehe 7 Mei 1895, mjini Saint Petersburg, Mrusi Alexander Popov alionyesha chombo cha kupokea mawimbi hayo. Kilikuwa kinapokea radi! Mwaka uleule kikawekwa kwenye chuo cha misitu cha mji ule kuandika dhoruba zinazokaribia. Kabla redio haijaleta muziki wala habari, kazi yake ilikuwa kusema radi inakuja.

Marconi na wengine wakaitumia kutuma simu za maandishi. Mitambo ya mwanzo ilikuwa ya cheche, yaani radi ndogo ya kutengenezwa. Kabla ya vita vya 1914 Wabelgiji walikuwa wamesimamisha mlolongo wa vituo vya namna hiyo kutoka Banana kwenye bahari mpaka Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Lakini cheche ni fupi, na kwa kanuni ya Fourier kitu kifupi ni kipana. Kila kituo kilimwaga mlio wake mpaka kwenye masafa ya mwenzake. Watu wawili wakituma pamoja, wote walisumbuana.

Dawa ilikuwa kuacha cheche na kutumia wimbi refu lisilokatika, noti ndefu ya gitaa. Mwaka 1915 Mmarekani John Carson alionyesha kwa hesabu kwamba sauti ikipakiwa juu ya wimbi hilo inachukua nafasi ndogo tu, pande mbili za wimbi. Hapo ndipo stesheni nyingi zinaweza kukaa pamoja bila kugombana. Mpaka leo kwa Afrika, stesheni za mawimbi ya kati zimepangwa kila kilohezi 9, kama viwanja vya nyumba.

KUTOKA LUSAKA MPAKA ZIWANI

Upande huu wa ziwa, redio ilikuja na vita. Mwaka 1941 Harry Franklin, mtumishi wa serikali ya kikoloni, alianzisha stesheni Lusaka kuwapa Waafrika wa Northern Rhodesia habari za vita katika lugha zao, Kibemba kikiwemo. Tatizo lilikuwa nani ana redio. Mwaka 1949 ikatoka redio ndogo ya mviringo ya aluminiamu, iliyotengenezwa na kampuni ya Ever Ready, watu wakaiita sufuria kwa sura yake. Iliuzwa paundi 5, ikatumia betri, na ilipokea mawimbi mafupi. Ni redio iliyofikisha sauti mpaka kwenye vijiji visivyo na umeme.

Redio za aina hiyo, na zile za transista zilizofuata, zilileta kila kitu kwa pamoja: nyimbo, matangazo ya vifo, siasa, na kra-kra ya radi. Wazazi wetu waliokimbia Pweto mwaka 2000, waliokaa kambi za Kala na Mwange mpaka zilipofungwa 2010, walisikiliza habari za nyumbani kwa njia hiyo. Mvuvi mmoja mzee tuliyeongea naye Kashikishi alisema zamani hakuondoka usiku kwenda kuvua chisense kabla hajaifungua redio mahali pasipo na stesheni. Kama inakwaruza, taa anazizima na anarudi kulala. Hajasikia jina la Fourier. Lakini alikuwa anafanya kazi ya Popov.

FM ILINYAMAZISHA RADI

Wahandisi wa redio walichukia kra-kra. Mmarekani Edwin Armstrong alipata hati za FM mwaka 1933 kwa lengo la kuiondoa. Redio ya zamani inabeba sauti kwenye kimo cha wimbi, na radi ikija inaongeza kimo, unaisikia. FM inabeba sauti kwenye kubadilika kwa masafa, kwa hiyo kifaa kinaweza kukata vimo vyote viwe sawa na sauti isiharibike. Tena FM iko juu sana, megahezi 88 mpaka 108, na kule juu nguvu ya radi iliyobaki ni kidogo.

Kwa muziki FM ni baraka. Radio Okapi, iliyoanza tarehe 25 Februari 2002, tunaipenda juu sauti yake ni safi. Lakini angalieni kilichotokea. Simu zetu zina FM tu, ama hazina redio kabisa. Mzee na redio yake mbovu alikuwa anasikia radi ikiwa mbali. Sisi na simu nzuri tunaisikia ikiwa juu ya kichwa. Cha kushangaza, ndani ya simu hiyo hiyo Fourier anafanya kazi mchana na usiku. Mwaka 1965 Cooley na Tukey walitoa njia ya kufanya hesabu yake haraka kwa kompyuta, na leo mtandao wa 4G unapanga maneno yako kwenye masafa mengi kwa njia hiyo. Simu inajua hesabu yote, ila haikuambii habari ya radi.

TUFANYE NINI

Kwanza, redio ya zamani msiitupe. Kama nyumba moja kwa kila mtaa ina redio ya mawimbi ya kati inayofanya kazi, inatosha. Weka mshale chini kabisa, karibu na 530 mpaka 600, mahali pasipo na stesheni. Mikwaruzo mifupi isiyo na mpangilio, inayozidi wingi na nguvu, ni radi inayokaribia. Mlio unaovuma bila kukatika ni chaja ama mtambo wa sola jirani. Ule unajirudia, ni pete. Radi ni nondo. Sogeza redio mbali na chaja na sikiliza tena.

Pili, redio ikinyamaza haimaanishi uko salama. Macho na masikio ndiyo ya mwisho kuamua. Ukiona mwanga, hesabu sekunde mpaka ngurumo. Kila sekunde 3 ni kama kilometa 1. Zikiwa chini ya 30, ingia ndani, na usitoke mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Hata bila kuhesabu, ukisikia ngurumo tayari uko ndani ya eneo la hatari.

Tatu, "ndani" ni jengo la kudumu, ama gari la bati lililofungwa. Chini ya mti siyo ndani. Turubai siyo ndani. Nyumba ya nyasi siyo ndani. Mtumbwi katikati ya Mweru ndiyo mbaya kuliko yote, kwa hiyo uamuzi unafanywa ufukweni, kabla ya kuondoka.

Nne, hii ni kwa ndugu wa mashirika. Shule, makanisa na vibanda vya kugawia chakula ndiko tunakusanyika wengi, na mvua ikija wote tunakimbilia chini ya bati. Palabek na Runyanya zinatosha kutufundisha. Tunaomba majengo ya mikusanyiko yawekewe waya wa kupeleka radi ardhini, na msimamizi wa foleni awe na ruhusa ya kusimamisha ugawaji radi ikikaribia bila mtu kupoteza zamu yake. Watu hawaondoki kwenye foleni juu wanaogopa kukosa unga. Wakijua zamu yao inangoja, wataondoka.

Kama kwenu kuna mzee ama mama aliyekuwa anatumia redio namna ile ya mvuvi wa Kashikishi, muulizeni alikuwa anasikiliza wapi kwenye mshale na alijuaje radi iko karibu. Mtuandikie hapa chini. Tutakusanya majibu yote na kuyapeleka kwa viongozi wa mitaa kabla ya mvua za mwaka huu.